Mawe Sita ya Baba

Mmeniuliza nyote. Mmeniuliza harusini, mmeniuliza sokoni, na juzi mmoja wenu kanipigia simu mahsusi kutaka kujua kama ni kweli nilikwenda Makunduchi kununua mawe gari sita kisha nikayakimbia. Kila nnapoanza kuhadithia mnanikatiza kwa kucheka, nafika nusu naacha. Basi nimekaa kitako nimeyaandika. Someni, mpeane, na asiniulize tena mtu.

Mwanzo wake mnaujua. Baba alipopooza upande wa kulia, ulimi nao ulikwenda. Mtu aliyesomesha miaka yote ile, sauti yake ikisikika mpaka msikitini, akabaki na "aa" na "mm". Kalamu haiwezi, maana mkono wa kushoto unamtetemeka. Kaka yangu wa Maskati ndipo alipotuletea kompyuta yake ya zamani, ile ya kufunga na kufungua kama mkoba, nzito kama sinia la shaba. Baba akawa anabonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na sisi tunasoma kwenye kioo. Akaanza kutugombeza upya: supu ina chumvi, dirisha lifungwe, nani kahamisha miwani yangu. Nyumba ikarudi kuwa nyumba.

Kisha betri ikafa. Haikufa ghafla. Kwanza ilikuwa ikikaa saa moja, baadaye robo saa, mwisho ukichomoa waya tu kioo kinakuwa cheusi hapo hapo. Na umeme mwaka ule mnakumbuka, ulikuwa unakatwa kila siku na hakuna wa kukwambia saa ngapi. Baba anaandika, umeme unakatika, maneno yamekwenda. Mara ya kwanza alisonya. Mara ya pili aliisukuma mashine. Mara ya tatu alikuwa anamwandikia Kaka barua, asubuhi nzima ameinama, umeme ukakatika akiwa karibu kumaliza. Siku ile hakufanya kitu. Aliifunga kompyuta kwa mkono wake mmoja, akageukia ukutani.

Zikapita siku tisa hajaandika neno. Nnamfungulia, anafunga. Umeme upo, anafunga vile vile. Akaanza na kuacha chakula, vijiko viwili vya uji basi. Daktari alinambia mtu wa hali ile akikata tamaa ya kusema, vingine vyote hufuata.

Msinambie habari za jenereta. Jirani wa chini analo, na moshi wake ndio uliompa baba kikohozi. Na lile boksi la kuwekea umeme nililoliazima skuli nnapofundisha lilikuwa linapiga kelele tangu umeme unapokatika mpaka linapozimika, baba akaliangalia kwa jicho ambalo halikuhitaji kuandikwa. Nikalirudisha siku ya pili. Dawa ilikuwa betri.

Kutoka nyumbani hadi Darajani

Kwa miguu, mashine begani. Kutoka kwetu Malindi hadi Darajani si safari, lakini ikokote mashine ile na waya wake, jua la saa tano, kisha uniambie.

Duka la kwanza walinionesha betri za simu. Duka la pili kijana mwenye kaunta aliigeuza mashine chini juu, akasoma namba, akaniambia kwa upole kabisa, "Mashine hii, mama, imestaafu." Nikamuuliza betri yake itapatikana wapi. Akasema labda Dubai, labda ije na mzigo wa mwezi ujao, labda mwezi wa baadaye. Labda tatu katika sentensi moja.

La tatu lilikuwa la bwana mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Huyu alinipa kiti, akanipa na maji, nikaona hapa nimefika. Akaniambia betri haijafa, imelala tu. "Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, itie kwenye friza siku tatu. Itaamka."

Cheka. Niliitia. Kwenye friza, baina ya changu na ngisi. Siku ya pili umeme ulikatika toka asubuhi hadi alasiri, barafu ikayeyuka, mfuko kumbe una tundu. Siku ya tatu nikaitoa betri inanuka samaki, na moto, yaani chaji, haina hata chembe. Baba aliiona nnavyoikausha kwa kanga, akafumba macho.

Njiani kurudi kutoka Darajani ile siku ya kwanza nilikuwa nimekula urojo kwa kusimama, bajia zikiwa zimekwisha, wakanitilia viazi vitupu. Nnakitaja hicho kwa sababu ndicho kitu pekee nilichopata Darajani.

Kutoka Darajani hadi Mtoni

Aliyenielekeza kwa Fundi Haji ni mwalimu mwenzangu. Fundi Haji anatengeneza redio Mtoni, chumba kimoja cha mabati si mbali na yale magofu ya kasri. Nilifika saa saba kasorobo, mlango wazi, feni inazunguka, mtu hamna. Nikaambiwa kaenda kusali. Nikangoja. Akatoka kusali akaenda kula. Nikangoja. Alirudi saa tisa anachokoa meno, akanitazama nilivyokaa juu ya spika lake bovu, akasema, "Karibu, umefika sasa hivi?"

Nikampa betri. Akainusa.

"Mbona inanuka samaki?"

"Fundi, tengeneza."

"Ulikuwa nayo baharini?"

"Ilikuwa kwenye friza."

Hakuuliza zaidi. Nafikiri mie si wa kwanza. Alichukua kisu chembamba akaipasua betri ubavuni, taratibu, kama mtu anayefungua chaza, na ndani mkawa na vitu sita vya mviringo vimevikwa plastiki ya buluu, vinene kidogo kuliko betri za tochi ndogo.

"Haya ndiyo mawe yake," akasema.

Nyinyi wa mjini mnajua, na wa bara wanaosoma nnawaambia: sisi betri za tochi na za redio tunaziita mawe. Tangu utoto. Mtu akikutuma dukani ukalete mawe mawili ya tochi, huendi ukaokota.

"Ndugu yake jiwe la tochi," Fundi Haji akaendelea, "lakini hili lina hasira. Ukilikosea linawaka." Akayapima moja moja kwa kile kidude chake chenye mshale. "Manne maiti haya. Haya mawili yanakata roho. Betri nzima huna haja nayo, Bi Zuwena. Unataka mawe sita tu, mazima, ya namna moja. Mie nitayaunga."

"Yako wapi?"

Akakuna kidevu. Kidichi, akasema, kuna bibi mmoja anaitwa Bi Mize, shamba la viungo. Mtaliano mmoja alimwachia kompyuta, kioo kikapasuka, imekaa bure. "Si ya ukoo wa hii yako, betri yake haitaingia kwako. Ila mawe ni yale yale. Nenda kamuombe mawe." Akanifungia jiwe bovu moja kwenye karatasi liwe mfano. Nilipokuwa mlangoni akaniita. "Na usimwambie betri. Watu wa shamba ukiwaambia betri wanajua ya gari. Sema mawe."

Yakumbukeni maneno hayo mnapotaka kunicheka mie peke yangu.

Kutoka Mtoni hadi Kidichi

Nilikwenda kesho yake. Kutoka barabara kuu nilipanda kile kilima kwa miguu, nimevaa miwani ya jua kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kinaniuma. Hapo ndipo aliponijia bwana mmoja wa kutembeza watalii, kanionea mbali, kofia ya makuti mkononi.

"Jambo, mama. Karibu Zanzibar."

Nikamwambia nimezaliwa Malindi. Akacheka, akanishika mkono akaanza kunionesha mti: "Hii mdalasini." Nikamwambia mdalasini naujua, nautia kwenye pilau tangu wewe hujazaliwa. "Kiswahili unakijua vizuri sana," akanisifu. "Umejifunza Oman?" Nilivua miwani nikamtazama. Akaniomba radhi, masikini, na akanifikisha mpaka kwa Bi Mize.

Bi Mize alikuwa amekaa kwenye jamvi anachambua karafuu. Shikamoo, marahaba, na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba. Akanitaka babu. Nikamtajia. Mikono yake ikasimama.

"Ndio wale waliokuwa na shamba kule bondeni?"

Sisi shamba lile hata kuliona hatukuwahi, liligaiwa watu baada ya Mapinduzi, kabla sijazaliwa, lakini jina limebaki, na kila mtu analikumbuka kivyake. Nikasema ndio wale. Akarudi kwenye karafuu zake. Nikasikia aibu, sijui hata ya nini, na nikawa tayari kuaga.

"Kula muhogo," akasema, "unapoa."

Nikala. Muhogo wa nazi na kipande cha nguru cha kukaanga, na chai ya mchaichai. Nilikula kama mtu aliyetoka kufunga. Akaniangalia mpaka nikamaliza, akaniuliza baba ana hali gani, nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Sasa Bi Mize, nimekuja kuomba mawe. Fundi kaniambia kwenye ile mashine."

"Mashine nimempa mwanangu Pili, kaolewa Makunduchi. Lakini kama mawe, useme na mumewe, Makame. Makame ndiye mwenye mawe. Makunduchi nzima wakitaka mawe wanakwenda kwake."

Roho ikanitulia. Nikajua kumbe huyo mkwe naye ni fundi, anayo ya akiba. Bi Mize akanipa namba, akanionesha pa kupigia, maana mtandao kule unapatikana mahali pamoja tu, karibu na kisima, ukielekea mjini. Mazungumzo nnayakumbuka neno kwa neno, nimeyarudia kichwani mara mia.

"Makame? Nimepewa namba na mama mkwe wako. Nimeambiwa unayo mawe."

"Ninayo. Unataka mangapi?"

"Sita."

"Sita?"

"Naam, sita. Yakipungua hayanifai."

"Utayapata. Nipe mpaka Jumatano."

"Yawe mazima lakini."

"Mazima kabisa, si ya kumong'onyoka."

"Na yawe ya namna moja."

"Yote nayatoa mahali pamoja, wala usiwe na wasiwasi. Gari unayo?"

"Nnakuja na gari," nikasema, nikikusudia gari yoyote itakayonichukua.

"Basi Jumatano. Bei tutaelewana."

Nikateremka kilima kile nimejaa furaha. Nilinunua hata kofia ya makuti.

Kutoka mjini hadi Makunduchi

Jumatano nilimuacha baba na mdogo wangu, nikapata nafasi kwa Bakari wa gari ya mikate. Anapeleka mikate kusini kila siku, na kiti chake cha mbele kiko wazi kwa yeyote asiye na haraka. Mie nilikuwa na haraka, lakini hilo hakuniuliza.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Bakari hazungumzi. Ana kanda moja ya taarabu, upande mmoja tu unaolia, na ukimalizika anaurudisha nyuma. Tunasimama kila duka. Kila duka kuna mikate ya jana iliyobaki, na kila mwenye duka anataka irudi, na Bakari anataka ibaki, na wote wawili wanabishana bila ya kupandisha sauti, kana kwamba wanasomeana hitima. Tunguu peke yake tulikaa muda wa kupika wali.

Karibu na Kitogani tairi likatoka pumzi. Bakari akateremka, akatazama, akatoa tairi la akiba. Nalo halina pumzi. Akakaa kivulini. Nikamuuliza tunafanya nini. "Tunangoja," akasema, ndiyo sentensi yake ndefu ya siku ile. Tuliingoja pampu saa mbili na nusu, ikaja juu ya baiskeli. Nimekula mikate mitatu mikavu, bila chai, nimeegemea mlango wa gari, nikifikiri habari ya baba na vile vijiko viwili vya uji. Nilitamani nilie pale pale njiani, lakini mbele ya Bakari mtu hata kulia huoni sababu.

Makunduchi niliteremka saa saba mchana. Nikaelekezwa kwa Makame, njia ya vumbi jeupe, jua halina huruma. Kabla ya nyumba nikapita marundo ya mawe ya kujengea, mawe makubwa yale ya shambani, yamepangwa vizuri kando ya njia. Moja, mbili, mpaka sita. Na wanawake watatu wamekaa chini ya mwavuli wa makuti, viganja vimefungwa vitambaa. Nikawaamkia, nikapita. Nikasema moyoni, jirani wa Makame anajenga ghorofa.

Kwa Makame

Makame alikuwa mlangoni, mtu mrefu, vumbi mpaka kwenye kope. Alifurahi kuniona. Nasema hilo kwa sababu furaha yake ndiyo iliyonichoma baadaye.

"Gari iko wapi?"

"Imeniteremsha barabarani."

"Ungeiambia iingie. Lori inafika mpaka hapa, tumeshasafisha njia."

"Lori ya nini, Makame?"

"Ya mawe."

"Mawe si nitayatia mkobani."

Akanitazama, akautazama mkoba wangu. Nami nikageuka polepole, nikayatazama yale marundo sita, kila rundo gari moja.

Nilikaa kitako juu ya jiwe, hapo hapo. Nikalitoa lile jiwe bovu la Fundi Haji kwenye karatasi, nikamuwekea kiganjani.

"Hili ndilo jiwe?" akauliza.

"Ndilo."

"Hili?"

Wale wanawake walisimama wakaja kuangalia, kumbe ni dada zake. Wakasemezana kwao, Kimakunduchi kitupu, mie sikushika ila neno "mjini", na hilo lilinitosha. Dada mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kiuno, na wenzake wakamfuata, na mie nikacheka kwa woga. Makame hakucheka. Tangu Jumapili yeye na dada zake wanachimbua na kubeba. Jirani alikuwa ametaka gari mbili akamwambia angoje, kuna mteja wa mjini.

Nikamuomba radhi. Nikarudia. Ukweli ni kwamba radhi ilikuwa nyepesi mno mbele ya marundo yale, na sote tulijua.

"Ingia ule," akasema. "Chakula hakina makosa."

Pili, mkewe, aliandaa wali na pweza wa nazi. Nilikula nimeinamisha uso. Kilikuwa chakula cha mgeni wa heshima, cha mteja wa gari sita, na kilikuwa kitamu, na kila tonge lilipita kwa shida. Tulipokuwa tunanawa Makame akaniuliza hayo mawe madogo ya kazi gani hata nimeyafuata mpaka huku. Nikamwambia habari ya baba, tangu mwanzo. Nilimwambia na vijiko viwili.

"Sasa anasemaje?"

"Hasemi."

Akamtazama mkewe. Pili akainuka, akaenda kwenye kabati la vyombo vya harusi. Kompyuta ilikuwa humo, juu ya sahani za maua, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Betri ilikuwa kando peke yake, mama yake alimwambia isikae pamoja na mashine. Akaishika bila ya kunipa.

"Kioo nilitaka nikitengeneze," akasema. "Hii ni zawadi ya mama. Mkiipasua betri, ndiyo imekufa moja kwa moja?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na hamu ya kumdanganya. "Ndiyo," nikamwambia. "Labda upate nyingine, na nyingine hazipatikani. Mie shahidi."

Akaipapasa. Makame hakumsemea, na kwa hilo nilimheshimu.

"Mie mdomo ninao," Pili akasema mwisho, "mume wangu huyu anajua. Mchukulie mzee."

Nikalia hapo. Si machozi ya adabu, nililia kwa sauti nyumbani kwa watu niliowavunjia migongo, na Pili akanipangusa kwa mtandio wake.

Makame nilimuahidi nitamtafutia mteja wa mawe yake. Jirani alizichukua zake mbili. Mwalimu mkuu wetu, anayejenga Tunguu, kachukua moja. Zimebaki tatu. Basi nyinyi mnaocheka, yeyote anayejenga, mawe yapo, mazima, si ya kumong'onyoka, na njia inaingia lori.

Kutoka Makunduchi hadi Mtoni

Bakari alishaondoka. Nilirudi kwenye lori la mwani, kiti cha mbele, baina ya dereva na mama mmoja mwenye magunia yake nyuma. Mwani mkavu una harufu yake, na mie mkobani nilikuwa na betri ya Pili na lile jiwe bovu linalonuka samaki. Yule mama alinusa, akanusa tena, akaniuliza kwa heshima kama nimebeba kitoweo. Nikamwambia ni mawe. Akafungua dirisha.

Mtoni tulifika karibu na magharibi, kwa Fundi Haji pamefungwa. Kafiwa na jamaa, akanambia muuza duka wa jirani, kaenda mazikoni Mkokotoni, atarudi kesho au kesho kutwa. Nikakaa kwenye ngazi ya duka. Nilikuwa sina hata nguvu ya kukasirika. Nikanunua soda, nikainywa yote bila ya kuisikia ladha yake, nikaenda nyumbani. Mdogo wangu alinipokea mlangoni akaniambia baba siku ile uji hakuugusa.

Fundi alirudi Ijumaa. Nilikuwa mlangoni pake kabla yake. Alipasua betri ya Pili, akapima: moja, zima. La pili, zima. Mpaka la tano, zima. La sita mshale haukusogea.

"Hili limekwenda," akasema.

Naona uso wangu ulimjibu, maana aliliweka chini haraka akachukua yale mawili ya mwanzo, yaliyokuwa yanakata roho, akayatia moto kidogo kidogo, akayaacha, akayarudia. Ijumaa ikasaliwa, akarudi. Alasiri moja kati ya yale mawili likashika. Si zuri sana, alisema, na kuchanganya la zamani na haya si vizuri pia, litawapunguza wenzake, lakini litasukuma. Akayaunga sita pamoja kwa risasi ya kuchomea, mkono hautetemeki hata kidogo, akafunga kwa gundi na utepe mweusi.

"Usishangae ikisema uongo," akaniambia. "Itakuonesha imejaa na haijajaa. Hesabu saa moja. Ikizidi, shukuru Mungu."

Nikamuuliza, kwani hakuweza kusema tangu mwanzo kuwa huyo Makame anauza mawe ya kujengea. Akashangaa kwa dhati.

"Mie Makame simjui. Mie nilikwambia Kidichi."

Kutoka Mtoni hadi nyumbani

Nilimkuta baba kitandani ameelekea ukutani. Nikaichomeka betri, nikaweka waya, nikaiacha ijaze. Nilikaa kwenye kiti kando yake, na vumbi la Makunduchi sijui lilikuwa bado kwenye viatu vile vile, sijui nilikuwa nimelala siku mbili zile au la. Mdogo wangu alileta chai akaiweka.

Saa kumi na moja na kitu umeme ukakatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mtaa mzima ukaguna, kama kawaida yake. Kioo cha kompyuta kikabaki kinawaka.

Baba aliuona mwanga ukutani. Aligeuka. Aliitazama mashine, akautazama waya, akanitazama mie, kisha akautazama tena ule waya. Nikauchomoa nikamuonesha ncha yake. Kioo kikawaka vile vile. Akaashiria nimuinue, nikamuinua, nikamuwekea mto mgongoni na mashine mapajani.

Kidole kikaelea juu ya herufi. Nilifikiri ataanza ile barua ya Kaka. Nilifikiri atauliza uji. Akabonyeza moja, akatafuta, akabonyeza nyingine, na mie nikainama kusoma.

umechoka

Hakuweka alama ya kuuliza, ile hajawahi kuijua iko wapi.

"Sijachoka, baba," nikamwambia.

Akanitazama kwa jicho moja lililo zima. Kisha akarudi kwenye herufi zake, moja moja, bila ya haraka, na umeme haupo, na hakuna kilichozimika.

muongo